Msipande kwa Kutazama Wingu Peke Yake

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Nairobi

Kila mwaka, mwezi wa Machi ufikapo, swali moja huulizwa katika skimu zetu za makazi toka Kinangop mpaka Lugari. Huulizwa pia huku Eastlands ya Nairobi, maana wengi wanaokaa Jericho, Bahati, Makadara na Kaloleni wana shamba nyumbani, nao ndio wanaotoa fedha za mbegu. Swali lenyewe ni hili: Je, hii ndiyo mvua, au ni mvua ya kudanganya?

Basi mwenye shamba humpigia simu mkewe, au mzee aliyebaki nyumbani, akauliza, "Mawingu yakoje huko?" Akijibiwa kwamba ni mazito, tena jana jioni ilinyesha upande wa mlimani, hutuma fedha siku ile ile. Trekta inaingia, mbegu inaingia, mbolea inaingia. Halafu jua linawaka siku 20. Mahindi hutaka kilo 10 hivi za mbegu kwa ekari moja. Kwa hiyo mtu wa ekari 3 aliyepanda zote kwa manyunyu yale amezika kilo 30 za mbegu, na mbolea yake, na gharama ya kulima, na aghalabu fedha hizo ni za mkopo. Mvua ya kweli ifikapo mwezi wa Aprili hana mbegu ya pili, naye hutazama jirani akipanda.

Jambo hili watu huliita bahati mbaya. Mimi sikubali. Hasara hii hutokana na kutazama mahali pasipo. Wingu unaloliona juu ya kilima chako ni kama moshi wa jiko: lakuonyesha kwamba kuna moto, lakini halikuambii kama kuna kuni za kutosha mpaka chakula kiive. Kuni zenyewe ni pepo zinazopita juu sana, nyingine kilomita 12 kutoka baharini kwenda juu, kimo ambacho ndege kubwa zinazoondoka Embakasi husafiria. Pepo hizo hutoka mbali, na habari zake zaweza kupatikana kabla hujanunua hata pakiti moja ya mbegu. Tena nitasema jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa waziwazi: kati ya misimu yetu miwili ya mvua, mmoja waweza kujulikana mapema na wa pili haujulikani mapema, kwa hiyo ni kosa kubwa kuiendea yote miwili kwa njia moja.

Ili tuelewane, tuanze na fumbo ambalo mtoto hodari wa darasa la sita huweza kumwuliza mwalimu wake. Vitabu vya jiografia husema kwamba nchi zilizo kwenye ikweta zina mvua nyingi na misitu minene. Kisangani, katika Kongo, iko karibu na ikweta nayo hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Visiwa vya Indonesia viko kwenye ikweta navyo ni kijani mwaka mzima. Je, Garissa? Garissa iko kwenye ikweta vile vile, haikupotea hata digrii moja, lakini hupata milimita 350 hivi tu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni nchi kavu au karibu na kavu. Jua ni lile lile, na bahari iko jirani. Kwa nini mvua inyeshe huku na huku, kisha itupite sisi tulio katikati?

Jibu liko katika pepo. Tuanze na za chini, ambazo ndugu zetu wa pwani, pamoja na walowezi wa Mpeketoni, wanazijua kwa majina tangu zamani. Kaskazi huvuma toka Desemba mpaka Machi, na kusi huvuma toka Aprili au Mei mpaka Septemba. Ndizo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Lakini angalia jinsi zinavyokwenda: haziji moja kwa moja kutoka baharini kuingia bara, bali hufuata pwani na milima yetu kwa ubavu, kama mtu apitaye kando ya ua bila kuingia mlangoni. Mvua zetu kubwa huja pale pepo hizi mbili zinapobadilishana zamu, yaani Machi hadi Mei kwa masika, na Oktoba hadi Desemba kwa vuli.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja aitwaye Findlater, akitumia vipimo vya maputo yaliyorushwa hapa Kenya, alionyesha jambo lililowashangaza wenzake duniani. Wakati wa kusi, juu ya nchi tambarare ya Garissa, kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka ardhini, hupita mto wa upepo ambao mara nyingi huenda zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Nyanda zetu za juu ni kama ukuta. Upepo ukizigonga hubanwa na kukaza mwendo kuelekea kaskazini, ukavuka Somalia na bahari ya Uarabuni, ukaenda kunyesha India. Maandiko yake yalitoka mwaka 1966 na 1969, na mpaka leo wataalamu wa India huuita upepo ule kwa jina lake. Kwa maneno mengine, maji yanayowapa wakulima wa India mpunga wao, sehemu yake hupita juu ya Kenya kila Julai bila kushuka. Habari hii ni chungu kidogo, lakini ni kweli.

Huko kaskazini kuna upepo mwingine wa namna hiyo. Kati ya milima ya Kenya na milima ya Ethiopia pana uwazi kama mlango, na upepo wa kusini-mashariki hupita hapo mwaka mzima, ukichukua unyevu wetu kuupeleka nje. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliuandikia mwaka 1982. Tangu mwaka 2018 upepo huu unazungusha vinu 365 vya umeme karibu na Loiyangalani. Kwa umeme ni baraka. Kwa mvua ya Turkana sivyo.

Sasa twende juu zaidi, maana hapo ndipo penye shauri lenyewe.

Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua kwamba pampu hupata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto. Ikiachwa itanuke hupoa. Basi hewa inayopanda juu hutanuka, hupoa, na unyevu wake huwa wingu na mvua. Hewa inayoshuka hubanwa, hupata joto na kukauka. Huu ndio msingi wote, wala si mgumu. Mvua ya maana hutaka hewa yenye unyevu huko chini, nayo ipate nafasi ya kupanda juu sana, kilomita 10 au zaidi. Kama juu yake kuna hewa kavu inayoshuka, ni kama sufuria yenye kifuniko. Mvuke umo ndani, lakini hautoki.

Watu wa Nairobi wanaijua sufuria hiyo, ijapokuwa hawaiiti hivyo. Mwezi wa Julai wingu la kijivu hulala juu ya Barabara ya Jogoo toka asubuhi mpaka saa nane au tisa, nguo zilizoanikwa Makongeni hazikauki, na mgeni husema mvua itanyesha sasa hivi. Hainyeshi; hutoka manyunyu tu. Wingu lile ni jembamba, limebanwa na kifuniko cha hewa yenye joto iliyo juu yake. Mkulima wa Kinangop huliona wingu hilo hilo. Uzito wa rangi yake hauna maana yo yote kwake. Unene wake ndio wenye maana, nao hauonekani kwa mtu aliye chini.

Ni nani basi anayeweka kifuniko? Katika msimu wa vuli, mara nyingi ni gurudumu kubwa la hewa linalozunguka juu ya Bahari ya Hindi. Bahari ya upande wa Indonesia kwa kawaida ni ya joto kuliko upande wetu. Hewa ya huko hupanda, hunyesha mvua nyingi, kisha ikiwa juu, kwenye kimo cha kilomita 12 hivi, husafiri kuelekea magharibi mpaka ifike huku kwetu. Ikifika imekwisha kauka, nayo hushuka juu ya Afrika ya Mashariki. Huko chini, juu ya bahari, hewa nyingine hurudi mashariki, na gurudumu hukamilika. Mzunguko wa namna hii hupewa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India toka 1904 hadi 1924, ambaye alitumia miaka mingi kutafuta kwa nini mvua za msimu hukosekana na watu wakafa njaa.

Gurudumu likizunguka kwa nguvu, sisi hupata kifuniko kizito na vuli hafifu. Likilegea, au likigeuka na kuzunguka kinyume, hewa hupanda upande wetu na mvua hutumwagikia. Hili si neno la vitabuni tu. Mwishoni mwa mwaka 1961 bahari ya upande wetu ilipata joto, gurudumu likageuka, na mafuriko yakafuata. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mwaka 1997 El Niño katika Bahari ya Pasifiki na joto la Bahari ya Hindi vilikutana, nasi sote tulioona barabara na madaraja yakichukuliwa mpaka Januari 1998 hatutasahau. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño kubwa, lakini Bahari ya Hindi peke yake ilitosha: vuli ile ilikuwa ya mafuriko, na maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Pokot Magharibi mwezi wa Novemba. Kinyume chake, toka vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, wakati wa La Niña, misimu mitano iliharibika mfululizo huko kaskazini na mashariki ya nchi, na mifugo ikafa kwa mamilioni.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bahari haibadiliki upesi. Bahari ikiwa na joto mwezi wa Agosti, kwa kawaida itakuwa nalo mwezi wa Novemba, na gurudumu la juu hufuata bahari. Ndiyo sababu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC kilichoko Ngong, huweza kusema neno la maana juu ya vuli kabla ya msimu kuanza. Utabiri huo hutolewa kati ya mwisho wa Agosti na mapema Septemba. Mkulima aliye na habari hii mkononi ana mwezi mzima wa kuchagua: mbegu ya muda mrefu au ya muda mfupi, ekari ngapi za viazi, kama atafukua mitaro, kama atauza ndama au atamweka.

Najua mtakalonijibu. Mtasema, "Mwaka 2015 tuliambiwa El Niño inakuja, tukatoa maji ambayo hayakuja." Ni kweli kwamba mvua ya mwaka ule haikufikia ile ya 1997 iliyokuwa vichwani mwa watu, Pasifiki ilikuwa na joto jingi sana, lakini Bahari ya Hindi haikusaidia vya kutosha. Mtasema tena kwamba Oktoba 2023 ilitangazwa hadharani kwamba El Niño ile haitakuwa ya kutisha kama ilivyosemwa kwanza, na Novemba mafuriko yakafunika Garissa, Mandera na Mto Tana. Hilo nalo ni kweli, na si jambo la kuficha katika gazeti la wakulima. Lakini angalieni vema: mwaka ule pepo na bahari zilikuwa zimesema wazi, na utabiri wa kwanza wa wataalamu ulikuwa sawa. Kilichotikisika ni maneno ya watu. Yafaa tujifunze kushika karatasi ya utabiri yenyewe, si habari za habari.

Wengine hukasirishwa na asilimia. "Wanasema asilimia 60, maana yake hawajui." Nawauliza wenye ng'ombe wa maziwa: daktari akija kumpandisha ng'ombe kwa sindano, je, hushika kila mara? Hashiki kila mara, na wewe wajua, tena unalipa. Humfukuzi daktari kwa sababu ng'ombe mmoja alirudi kutaka dume. Wahesabu kwamba kwa ng'ombe 10 watashika kadhaa, nawe hupanga maziwa yako hivyo. Utabiri wa vuli ni vivyo hivyo. Mtu anayeufuata kwa miaka 10 atakosa miaka fulani, lakini mwisho wa hesabu magunia yake yatakuwa mengi kuliko ya yule anayebahatisha.

Sasa masika. Hapa nataka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu masika ndiyo msimu mkubwa wa skimu nyingi, na ndiyo inayotudanganya.

Kati ya Machi na Mei gurudumu la Bahari ya Hindi huwa dhaifu, wala halishiki usukani. Kwa hiyo hata wataalamu walio bora hawawezi kuiona masika nzima toka Februari kama wanavyoiona vuli toka Septemba. Utabiri wa masika hutolewa karibu na mwisho wa Februari, nao una faida yake, lakini mtu akiweka ekari zake zote juu ya karatasi hiyo amebeba zaidi ya uwezo wa karatasi. Masika huendeshwa na mambo yanayokuja na kupita kwa majuma. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, walitangaza kwamba wameona wimbi kubwa la upepo na mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kuelekea mashariki, likirudi kila baada ya siku 30 hadi 60. Linapokuwa juu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, kifuniko chetu cha juu hufunguka na nyanda za juu hupata mvua ya juma zima au zaidi. Likisha kupita, kifuniko hurudi. Ndiyo ile mvua ya kudanganya: mvua yenyewe ilikuwa ya kweli, lakini mlango ulifunguliwa mara moja tu. Tena Kinangop na Mpeketoni hazinyeshewi kwa wakati mmoja na wimbi hilo. Mara nyingi nyanda za juu zikilowa, pwani ni kukavu, na kinyume chake. Kwa hiyo usimwulize ndugu yako wa pwani kama upande.

Kuna na upepo wa magharibi. Tumezoea kudhani kwamba mvua yote hutoka baharini, mashariki. Lakini siku ambazo upepo huvuma kutoka Kongo, ukivuka Ziwa Viktoria, aghalabu ndizo siku za mvua nzuri katika nyanda zetu za juu. Wakulima wa Lugari hawashangai, maana wao mvua yao yote ina mkono wa magharibi. Mwezi wa Machi 2018 tufani za Dumazile na Eliakim zilipita upande wa mashariki wa Madagaska, zikavuta hewa ya Kongo kuja kwetu, na masika ikaanza kwa kishindo. Mwaka uliofuata, Machi 2019, tufani ya Idai ilikaa upande mwingine, katika mlango wa bahari wa Msumbiji, ikavuta unyevu kwenda kwake. Beira iliharibiwa, na Kenya masika ikachelewa. Waliopanda kwa mawingu ya mwezi ule walipanda mara mbili. Tufani iliyo mbali nasi kilomita 2,000 na zaidi iliamua mahindi ya Nakuru. Nani angeweza kuiona kwa kusimama mlangoni pake?

Hapo ndipo utabiri wa juma unapokuwa na thamani. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku 5 hadi 7, nao katika masika ni wa kutegemewa kuliko ule wa msimu mzima. Ushauri wangu kwa mwenye ekari 3 ni huu: vuli apange shamba lake lote kwa utabiri wa Septemba, masika asipande zaidi ya theluthi moja kwa mvua ya kwanza, hata kama wingu ni jeusi namna gani, mpaka utabiri wa juma uonyeshe kwamba mvua itaendelea. Mbegu iliyobaki ghalani haiozi kwa majuma mawili. Wako watakaosema kwamba anayechelewa hupoteza gunia, na kweli kila siku ya kuchelewa ina gharama yake. Lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko kilo 30 zilizozikwa. Mimi ningechagua kupoteza gunia moja.

Je, wazee wetu walikuwa hawajui kitu? Hasha. Huko Bunyore watu wa ukoo wa Nganyi wamejulikana kwa vizazi vingi kwa kusoma mvua katika miti, wadudu na mwelekeo wa upepo, na katika miaka ya karibuni Idara ya Hali ya Hewa imekaa nao pamoja, wakalinganisha utabiri wao na wa vyombo, wakatoa neno moja kwa wanakijiji. Hilo ni jambo jema. Mzee asomaye upepo yuko karibu na ukweli kuliko kijana asomaye wingu. Kasoro ni kwamba jicho haliwezi kufika kilomita 12.

Kinachofika huko ni puto. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alikuja Afrika ya Mashariki na maputo yake, akayarusha juu ya Ziwa Viktoria. Akakuta kwamba juu sana, huku kwetu kwenye ikweta, kuna baridi kupita ile ya Ulaya kwenye kimo kile kile, na kwamba upepo wa huko juu ulitoka magharibi ambapo watu walitazamia utoke mashariki. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kuelewa kwamba upepo ule hugeuka na kurudi ulikotoka, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Wataalamu wamechunguza uhusiano wake na mvua zetu, na uhusiano upo kidogo, ila hautoshi kumwambia mtu lini apande. Nautaja kwa sababu napenda tujue kwamba elimu hii haikuletwa tu kutoka ng'ambo. Sehemu yake ilipatikana juu ya vichwa vyetu. Maputo hurushwa Nairobi pia, pale Dagoretti Corner, yakichukua kijisanduku kinachopima joto, unyevu na upepo mpaka kilomita 30 hivi. Puto likipasuka kijisanduku huanguka po pote. Ukikiokota shambani, si uchawi wala bomu.

Kuhusu ofisi zetu, nami ni mmoja wa watu wa ofisi, sina budi kusema. Nimeona karatasi ya utabiri wa masika ikilala juu ya meza ya ofisi moja karibu majuma mawili, ikingoja mhuri. Ilipotoka, maduka ya mbegu yalikuwa yamekwisha uza. Nimeona pia utabiri ukisomwa katika baraza kwa maneno kama "kawaida kuelekea juu ya kawaida," na wakulima wakapiga makofi kwa heshima, wakaenda zao bila kujua wapande nini. Mkulima hana haja na "kawaida." Anataka kuambiwa mvua yatazamiwa kuanza juma gani, kukoma juma gani, na ni mbegu gani inayokomaa katika siku hizo. Mambo hayo mawili ya kwanza Idara huyaandika katika utabiri wake. Bwana Shamba ndiye wa kuongeza la tatu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, na kwa simu za watu kama vile ofisi hutangaza mkutano wa madawa ya ng'ombe.

Shauri hili si la mashambani tu. Mvua ya Machi hadi Mei 2024 iliua watu zaidi ya 200 katika nchi, na Mathare, hapa kwetu Eastlands, mto uliingia nyumbani usiku. Msimu ule onyo la mvua nyingi lilikuwa limetolewa mapema. Tena viazi vya Kinangop vikioza shambani au vikishindwa kupita barabarani, bei hupanda Marikiti na Muthurwa juma hilo hilo, na mama anayepika Kayole hununua nusu ya alichonunua jana.

Kwa hiyo nawaomba wenye halmashauri za skimu mambo mawili. Kwanza, mwandike tarehe ambayo utabiri uliwafikia, msimu kwa msimu, na kuituma kwa ofisi ya kilimo iliyo karibu, ili ijulikane karatasi hukwama wapi. Pili, kila skimu iwe na kipima mvua chake mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, na mtu mmoja wa kukisoma. Shule ya msingi ndipo pazuri, maana pana ua na watoto watajifunza hesabu. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi, hata siku ambayo haikunyesha. Siku hiyo mwandike sifuri.